VITABU VYA ZIWA LETU

Wako watu wasemao kwamba mfanyakazi hana haja ya kitabu. Husema kwamba mtu atokaye kazini jioni, mikono imechoka na tumbo lina njaa, hutaka chakula na usingizi tu. Sisi tukaao Butimba tumeyasikia maneno hayo mara nyingi, na twasema kwamba si kweli. Tumeyapima kwa nafsi zetu. Katika masika yaliyopita tulisoma vitabu vitatu, kimoja baada ya kingine, jioni baada ya kazi, na twapenda kuwaeleza ndugu zetu tuliyoyaona ndani yake.

Vitabu vyote vitatu vimeandikwa na watu wa Ukerewe, kisiwa ambacho kivuko kitokacho Mwanza hukifikia kwa saa chache tu. Hatukuvitafuta ng'ambo ya bahari. Ni vya jirani zetu.

Cha kwanza ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, cha marehemu Mzee Aniceti Kitereza. Ni kitabu kikubwa, na mtu akionapo unene wake huweza kuogopa. Asiogope. Habari yenyewe ni ya mume na mke wapendanao ambao hawajajaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsuta mke kwa utasa. Wazazi wa mke, kwa uchungu, wanamrudisha binti yao nyumbani. Lakini Myombekere hataki mke mwingine. Anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, naye anahangaika mpaka anailipa. Mwandishi hana haraka. Anatuonyesha jinsi mgeni anavyopokewa, jinsi pombe inavyotengenezwa, jinsi watu wanavyolima, wanavyovua na wanavyouguzana. Tulipofika hapo tulijiuliza: ni wangapi miongoni mwetu leo ambao, ndugu wakimsema vibaya mke asiyezaa, watasimama kama alivyosimama Myombekere?

Habari ya kitabu chenyewe yasikitisha zaidi. Mzee Kitereza alizaliwa mwaka 1896. Aliandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945. Mchapaji hakupatikana, maana Kikerewe ni lugha ya watu wachache, na wachapaji hutazama soko. Vita vikuu vikaisha, Uhuru ukaja mwaka 1961, na kitabu kingali karatasi ndani ya nyumba. Mwishowe mzee mwenyewe, ingawa viungo vyake vilikuwa vikimwuma, aliketi akakifasiri chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980, yaani miaka 35 tangu kilipomalizika. Mwaka 1981 mzee akafariki, asijaliwe kukiona kikiwa kimechapwa. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto. Aliyeandika juu ya nyumba inayolilia mtoto alikuwa akiijua huzuni hiyo.

Kitabu cha pili ni *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Kilitoka mwaka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali, ambaye anamwadhibu vikali mwanawe kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anatoka katika ukali huo na kuingia duniani bila kufundishwa namna ya kujitunza, na mwisho wake ni maangamizi. Kitabu hiki kiliwaudhi wengi, hata kwa muda kikazuiwa mashuleni. Nasi kilitugawanya. Wengine kati yetu walisema kwamba kinawavunjia wazazi heshima. Wengine wakajibu kwamba anayejivunjia heshima ni mzazi anywaye pombe akadhani fimbo ni malezi. Hatukupatana usiku ule, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini Butimba ni mahali penye chuo cha ualimu. Wanaotoka hapa huenda kulea mabinti wa watu wengine. Kwa hiyo twaona yafaa kila mwalimu akisome kabla hajapewa darasa.

Cha tatu ni *Gamba la Nyoka*, cha mwandishi huyo huyo, kilichotoka mwaka 1979. Humo mna habari ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa, jambo ambalo wazee wetu wengi wa mkoa huu waliliona kwa macho katika miaka ya 1970. Mwandishi hafichi makosa ya viongozi wala ya wanavijiji. Mwanachama akisomapo asikasirike upesi. Nyoka hujivua gamba, lakini ndani ni nyoka yule yule. Na mtu aliyehamishwa mwili bila kuelezwa akaridhika, moyo wake hubaki alikotoka. Hilo ni somo kwa kila mwenye kuongoza, hata leo.

Sasa tuseme lililotufanya tushike kalamu. Mwaka 1968 mradi wa kisomo chenye manufaa, kwa msaada wa UNESCO, uliwekwa hapa Mwanza, na wakulima wakajifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, vya migomba na vya uvuvi. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa kama theluthi mbili. Kufikia mwaka 1986 ilihesabiwa kwamba hawafiki mmoja katika kumi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa. Lakini mtu aliyefundishwa kusoma asipopata cha kusoma ni kama aliyepewa jembe akanyimwa shamba.

Kitabu cha Mzee Kitereza tulichokisoma kilikuwa kimoja, tukapokezana watu saba, waume kwa wake, hata kurasa zikaanza kuachia. Twashauri hivi. Twachanga kwa harusi na kwa msiba. Na tuchange pia, kila tawi na kila mahali pa kazi, kununua vitabu, hata kama ni viwili kwa mwaka, viwekwe mahali ambapo kila mtu aweza kuvichukua na kuvirudisha. Anayejua kusoma awasomee wasioona vizuri. Na ukitembelea kwa babu au bibi, ukaona daftari kuukuu lenye maandishi ya mkono, usiache liwashiwe moto jikoni. Uliza ni nini. Lisome. Lipeleke kwa mwalimu au maktaba ya mkoa.

Mzee Kitereza alingoja miaka 35. Huenda yuko mwingine anayengoja sasa, ng'ambo tu ya maji haya, nasi twapita mlangoni pake kila siku bila kubisha hodi.