Nyumba ya Matairi na Maji ya Udhu

Karibu na mji wa Taos, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, zipo nyumba ambazo kuta zake ni matairi chakavu. Msanifu majengo Michael Reynolds alianza kujenga kwa taka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa makopo matupu ya vinywaji (vya aina gani, tusiulize). Baadaye yakaja matairi. Kila tairi hushindiliwa udongo kwa nyundo mpaka lifikie uzito unaozidi kilo 130, kisha hupangwa kama tofali. Ukuta huo mnene hufyonza joto la jua mchana na kulitoa usiku, hata migomba ikaota ndani ilhali nje kuna theluji. Haikuwa rahisi: Reynolds alivutana miaka mingi na sheria za ujenzi, hadi mwaka 2007 jimbo lilipotunga sheria ya kuruhusu viwanja vya majaribio.

Lililotushughulisha zaidi ni maji, kwani nchi ile ni kame. Mvua na theluji iliyoyeyuka hutiririka kutoka paani hadi kwenye matangi, huchujwa, hunywewa na kuogewa. Maji yaliyoogewa hupita katika handaki la kokoto na udongo lililopandwa mimea humo humo ndani. Yakitoka hapo husukumia choo, na mwisho huishia shimoni na kunywesha miti ya nje. Tone moja, kazi nne.

Hapo Muislamu ana swali lake. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, maji machache yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni twahara lakini hayatwaharishi. Basi kusukumia choo na kumwagilia mimea yanafaa. Ila bomba la kutawadhia na la kustanjia yatoke kwenye tangi safi, na maji ya kusuuzia nepi yaende shimoni moja kwa moja, yasichanganywe na mengine. Mama wa nyumba ataulinda mpango huu kuliko fundi.

Nyumba ya matairi hatutaijenga kesho. Lakini msikitini kwetu maji ya udhu wa swala tano humwagika mtaroni, na kiangazi tunanunua maji ya boza kwa fedha za waumini. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi cha viganja viwili vilivyokusanywa, sisi twafungua bomba kwa bismillahi, tukalifunga tumalizapo miguu.

Kamati ilipopendekeza kuyaelekeza maji hayo kwenye migomba ya uani, wazee wetu wawili walipinga, wakichelea kuwa ni kuyadharau maji ya ibada. Tuliwauliza kwa adabu: je, mtaroni yanaheshimiwa zaidi? Mmoja alinyamaza, kisha akakubali, kwa sharti kwamba ndizi wapewe watoto wa madrasa. Wa pili bado tunamngoja, na bomba la kupeleka maji hatujalinunua.