Mkulima Anayeishi Msimu Mmoja Mbele

Mbukwenyi, wajukuu zangu! Ndivyo tunavyosalimiana Ugogo, nchi ya Wagogo. Sogeeni karibu, maana leo nawapeleka Dodoma, kwenye bustani ya bibi mmoja mkulima wa mboga. Iko kando ya korongo la mchanga, imezungushiwa ua wa minyaa, na ukubwa wake ni mita 10 kwa mita 10. Ukiizunguka kwa mbio, hata jasho halikutoki.

Kipande hicho kidogo huipatia nyumba nzima mboga mwaka mzima, na ziada hupelekwa mjini, ikauzwa kwa mafungu katika soko la Majengo. Na hapa ni nchi kavu! Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida ni kati ya milimita 550 na 600, wakati Dar es Salaam hupata zaidi ya 1,000. Bibi anawezaje? Siri yake nawaambia mapema, kisha tuifuate mwezi kwa mwezi: kila msimu, bibi hufanya kazi ya msimu unaofuata.

Mvua inapofika

Kwanza tujue kwa nini mvua ya Dodoma huja mara moja tu kwa mwaka. Jua la utosini huhama. Mwezi Desemba liko upande wa kusini wa dunia, mwezi Juni liko kaskazini. Pale linapochoma zaidi, hewa yenye unyevu hupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka mawingu na mvua. Mkanda huo wa mawingu hulifuata jua linakohamia. Arusha na Dar es Salaam hupitiwa mara mbili, mkanda ukienda na ukirudi, ndiyo maana watu wa huko wana mvua za vuli na za masika. Kwetu katikati ya nchi, mkanda hufika mwishoni mwa Novemba au Desemba, hukaa nasi, kisha huondoka Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu hufungwa.

Basi mvua za kwanza zinaponyesha, nchi iliyokuwa na rangi ya vumbi hugeuka kijani kwa siku chache. Watu wazima huenda kwenye mashamba ya mtama, uwele na karanga. Na mboga? Mboga nyingi hazihitaji hata kupandwa. Mlenda huota wenyewe, mgagani huota, mchicha pori huota, na majani ya kunde hutanda shambani. Ni miezi ya kula mpaka kushiba.

Lakini mtazameni bibi. Anachuma kikapu, anapika kidogo, na sehemu kubwa anaianika. Mjukuu wake haelewi.

"Bibi, mboga zimejaa kila mahali. Tunaanika za nini?"

"Mjukuu wangu, wewe unauona mlenda. Mimi naiona Oktoba."

Huanika majani juu ya ungo na mikeka, chini ya kibanda chenye kivuli kinachopitisha upepo. Kivuli hicho kina maana. Jua kali hukausha haraka, lakini pia huharibu kile kirutubisho cha majani ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vitamini inayolinda macho yenu. Majani yakikauka hadi kuvunjika mkononi, hutwangwa kwenye kinu, huchekechwa, na unga wake hutunzwa ndani ya vibuyu au ndoo zenye mfuniko. Bila maji ndani yake, ukungu hauna pa kuishi, na mboga hukaa miezi mingi bila kuharibika. Siku ya kupika, unga kidogo humwagwa kwenye maji yanayochemka, pengine na magadi kidogo na karanga zilizotwangwa. Ugali wa uwele ukishapakuliwa, chakula kimetimia.

Desturi hii ina historia nzito. Wazee wa Ugogo walisimulia njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita hapa. Majeshi yalichukua nafaka na ng'ombe, na vijana wenye nguvu wakachukuliwa kuwa wapagazi wa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua nayo ikakosekana. Ghala zilikuwa tupu wakati zilipohitajika kuliko wakati mwingine wowote, na watu wengi sana walikufa. Ukimwona bibi wa Kigogo akigusa vibuyu vyake kimoja kimoja kuhakikisha vimejaa, mheshimu. Anajua kwa nini akiba huwekwa.

Mwezi Februari mvua hupenda kukatika, wiki moja, mbili, hata tatu. Hapo ndipo matandazo hufanya kazi yake. Bibi hutandaza nyasi kavu juu ya udongo, kuzunguka miche, ili jua na upepo visifyonze unyevu. Mnaweza kujaribu wenyewe. Chukueni makopo mawili, yajazeni udongo uleule, mimineni maji kiasi kilekile. Kopo moja lifunikeni kwa nyasi kavu, lingine liacheni wazi, kisha yawekeni juani. Kesho jioni chomekeni kidole ndani ya kila kopo. Kidole chenyewe kitawafundisha.

Miezi ya baridi, miezi ya bustani

Mei ikiingia, korongo huacha kutiririka. Mgeni atatazama mchanga mkavu na kusema maji yamekwisha. Bibi hasemi hivyo. Chukueni kikombe, kijazeni mchanga mkavu mpaka pomoni, kisha mimineni maji taratibu. Kikombe "kilichojaa" bado kitapokea maji mengi, pengine hata robo ya ujazo wake, kwa sababu kati ya punje na punje mna nafasi. Korongo nalo liko hivyo. Mvua zote za Januari hadi Machi zilipopita juu ya mchanga, ziliacha maji chini yake, na tabaka la juu lililokauka huyakinga yale ya chini yasichomwe na jua. Watu huchimba mchangani na kuyakuta. Nanyi mkumbuke: shimo la mchanga huporomoka ghafla. Mtoto haingii humo, na hata mtu mzima hachimbi akiwa peke yake.

Sasa ndiyo bustani inapopamba moto. Labda mtashangaa kwamba bibi hupanda nyanya na vitunguu mvua zikiwa zinaaga au zimeondoka. Sababu ni magonjwa. Majani ya nyanya yakilowa siku baada ya siku, ukungu wa baka jani huyashambulia, na shamba zima linaweza kuungua kama limepitiwa na moto. Hewa kavu haiupendelei ukungu huo. Tena usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, mchana jua si kali sana, na chainizi na kabichi hustawi vizuri.

Kila zao lina saa yake. Mchicha huwa tayari baada ya wiki tatu au nne. Miche ya nyanya hukaa kitaluni takriban mwezi mmoja, kisha hupandikizwa, na miezi miwili hadi mitatu baadaye matunda huanza kuiva. Vitunguu hukaa kitaluni wiki sita hivi, na baada ya kupandikizwa huhitaji miezi mitatu au zaidi. Bibi hupanga kalenda kichwani. Mchicha ni wa kula na kuuza leo, nyanya ni za kulipia sare za shule. Vitunguu, vikishakaushwa vizuri shingo zikasinyaa, ni vya kutunza hadi miezi migumu.

Matuta yake nayo yana umbo la peke yake. Nchi za mvua nyingi hupanda juu ya matuta yaliyoinuka ili maji ya ziada yatoke. Bibi hupanda ndani ya matuta yaliyozama, yenye kingo kama sinia, ili kila tone linalomwagwa libaki kwenye mizizi. Humwagilia alfajiri au jioni, kwa keni, karibu na shina. Na ule ua wa minyaa hupunguza kasi ya upepo wa Julai na Agosti, upepo unaokausha majani kama unavyokausha nguo kwenye kamba. Ila utomvu wa minyaa ukiingia machoni huumiza vibaya, kwa hiyo msiuchezee.

Miezi hii pia ina adui wake. Wakulima humwita kantangaze. Ni nondo mdogo wa rangi ya kijivu, mwenye asili ya Amerika Kusini, aliyegunduliwa Tanzania mwaka 2014. Hutaga mayai kwenye mnyanya, na kiwavi anayetoka hutoboa jani na kuishi ndani yake, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, ambako dawa humfikia kwa shida. Mvua kubwa humpunguza, ukavu na joto humzidisha. Wajukuu wa bibi, wenye macho makali, hupita kila siku wakitafuta majani yenye michirizi myeupe, huyachuma na kuyafukia mbali na bustani. Na pale palipokuwa na nyanya mwaka huu, mwakani bibi hupanda zao lisilo na undugu nazo, kama vitunguu au mchicha, ili adui akirudi asikute chakula.

Kabla nyanya hazijaisha, bibi huchagua zilizo bora kabisa katika miche yenye afya. Hizo haziendi sokoni. Huzikamua, huacha rojo lake likae siku moja au mbili mpaka ule utelezi unaozunguka mbegu uachie, huziosha na kuzianika kivulini. Nyanya za mwakani tayari ziko ndani ya chupa. Hufanya hivyo kwa mbegu za kienyeji tu, kwa maana mbegu chotara za dukani, ukizirudia, huzaa nyanya zisizofanana na mama yao.

Joto, na kazi isiyoonekana

Septemba hadi Novemba ni miezi ya kumpima mkulima. Joto hupanda, maji ya mchangani hushuka chini, na foleni ya madumu huwa ndefu. Bibi hang'ang'anii bustani nzima. Huiacha ipumzike, akabaki na matuta mawili karibu na jiko, ambayo huyanywesha maji yaliyooshea mboga na mchele. Majani machache ya mchicha na bamia hutoka humo. Mengine hutoka kwenye vibuyu. Ile Oktoba aliyoiona mwezi Januari imefika, na mlenda upo.

Ukipita wakati huu utadhani bibi hana kazi. Mtafuteni nyuma ya ua: anachimba! Ardhi ni ngumu, jua ni kali, wingu hakuna, naye anachimba mashimo ya mvua.

Chukueni madaftari tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Bustani ya bibi ina mita za mraba 100. Mwaka wenye milimita 570 huiangushia lita 57,000, sawa na madumu 2,850 ya lita 20. Sasa upande wa pili. Wakati wa kiangazi, kila mita ya mraba ya mboga huhitaji takriban lita 5 kwa siku. Bustani nzima ni lita 500, yaani madumu 25 kila siku. Kwa siku 100 ni lita 50,000. Mmeona? Maji yaliyodondoka juu ya bustani ni mengi kuliko yale ambayo mboga zitakunywa siku 100 za ukame!

Yalikwenda wapi? Mvua ya kwetu hunyesha kwa kishindo, mara chache, kwa muda mfupi. Matone hupiga udongo ulio wazi na kuugandisha juu kama ganda, kisha maji huteleza na kukimbilia korongoni, yakibeba udongo mzuri. Ukame wetu, wajukuu, sehemu yake ni mvua kuwa haba, na sehemu yake ni mvua kupita bila kupokelewa. Ile ya kwanza hatuna mamlaka nayo. Ya pili iko mikononi mwetu.

Ndiyo maana wakulima wa kijiji cha Chololo, hapahapa Dodoma, walijulikana kwa mashimo yao ya kupandia mtama na uwele. Kila shimo lina kina cha takriban sentimita 30. Ndani hutiwa majivu ya kufukuza mchwa, samadi ya kulisha udongo, na mabaki ya mazao ya kushika unyevu. Mvua ikinyesha, maji huingia shimoni na kukaa pale mmea utakapoyahitaji. Bibi huchimba mashimo kama hayo pembeni mwa bustani, huongeza samadi ya mbuzi kwenye matuta yake, husafisha mfereji unaoleta maji kutoka kwenye paa la bati, na huziba nyufa za tangi. Kila jembe analopiga Oktoba ni madumu ambayo wajukuu wake hawatayabeba Juni.

Nanyi, popote mlipo, anzeni. Waulizeni wazazi wenu mvua za kwenu huanza mwezi gani na huisha lini, mkaandike. Kisha tafuteni beseni lililochakaa, litobolewe chini, mtie udongo na samadi iliyooza, mpande mchicha na kutandaza nyasi juu. Umwagilieni maji yaliyooshea mchele. Baada ya wiki tatu au nne mtachuma na kula. Lakini msichume yote. Mche mmoja wenye afya kuliko mingine uacheni ukomae, utoe maua, ukaushe mbegu, kisha mzikung'ute na kuzifunga kwenye karatasi kavu, juu yake mkiandika jina la msimu unaokuja.