Kamba ya jahazi na bei ya stempu

Msomaji mmoja wa Gatitu, hapa nje kidogo ya mji wa Nyeri, amenifikishia kopo la biskuti lililokuwa la guka wake. Ndani mna stempu za zamani, bahasha kadhaa na sarafu za wakati wa mkoloni. Swali lake ni moja: humu kuna kitu kinachoweza kulipia walau arbuni ya ploti? Yeye mwenyewe alikuwa ameshatenga stempu mbili alizoziwekea matumaini yote, zile zilizopigwa chapa ya juu ya kukumbuka ziara ya kifalme ya mwaka 1952.

Matumaini hayo yana sababu. Stempu hizo, ya senti 10 na ya shilingi 1, zilitolewa tarehe 1 Februari 1952, Elizabeth alipofika Kenya akiwa bado binti wa mfalme. Usiku wa kuamkia tarehe 6 alilala katika hoteli ya mtini ya Treetops, kwenye msitu wa Aberdare, na ndipo babake alipofariki Uingereza. Alipanda mtini binti mfalme, akashuka malkia, na kisa hicho kila mtu wa Nyeri anakijua. Ila stempu zilichapwa nyingi, na kwa kuwa zilikuwa za ukumbusho, walionunua walizitunza. Leo jozi nzima haifikii bei ya nyama choma ya watu wawili.

Hapo ndipo wengi hukosea hesabu. Ukubwa wa tukio hauhusiani na uchache wa karatasi iliyolikumbuka. Ninapoulizwa thamani ya kitu cha kukusanywa huwa natazama mambo matatu, na mara nyingi hayakubaliani: vilivyobaki ni vingapi, viko katika hali gani, na nani anavitaka. Wakusanyaji wa kadi za wanamichezo kule Marekani wana mfano mzuri wa mwaka huohuo wa 1952. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps, ilipangwa mara mbili kwenye karatasi ya kuchapia, kwa hiyo ilitoka mara mbili ya kadi nyingi za mfululizo wake. Wajuzi hata huzitenganisha hizo aina mbili kwa tofauti ndogo za uchapaji. Pamoja na wingi huo, nakala moja iliyokuwa karibu bila doa iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Kadi za wenzake zilizochapwa chache kuliko yake hazikaribii bei hiyo, maana si kila Mmarekani aliyekulia miaka ile alitamani kuwa wao.

Sasa turudi kwenye kopo. Kilichonivutia mimi ni stempu ambayo mwenyewe aliipita bila kuitazama: ya senti 5 ya mwaka 1935, ya Kenya, Uganda na Tanganyika, yenye kichwa cha Mfalme George V na jahazi kwenye Ziwa Victoria. Chukua kioo cha kukuzia uitazame kamba ya kushoto ya jahazi hilo. Kwenye aina ya kwanza kamba haigusi tanga. Kwenye aina ya pili imeunganishwa nalo. Ya pili ni adimu zaidi, na wakusanyaji huilipia mara kadhaa ya bei ya mwenzake. Tofauti ni mstari mwembamba kuliko unywele.

Usikimbilie kukariri kwamba kamba iliyounganishwa ndiyo mali. Mwaka 1938 picha hiyo ilitumika tena, safari hii na kichwa cha George VI, na kwenye ile ya senti 50 mambo yamegeuka: kawaida kamba inashika tanga, na inayotafutwa ni ile isiyoshika. Kasoro hiyo hutokea mahali pamoja tu kwenye karatasi, safu ya 2, stempu ya 5. Nyingine zote za karatasi hiyo ni za kawaida. Kwa hiyo tofauti yoyote unayoiona lazima uiulize ilitoka wapi: ni bamba la kuchapia lililobadilishwa, ni sehemu moja ya bamba iliyoharibika, au ni wino uliodondoka siku moja na usirudi tena? Ya mwisho haina bei kubwa, hata kama ni ya pekee duniani, kwa sababu haijirudii na hakuna anayehitaji kuijaza kwenye albamu yake. Huu ndio ukweli mgumu kuliko yote kumwelewesha mtu: kitu kinaweza kuwa kimoja tu duniani na bado kisiwe na mnunuzi.

Kisha hesabu meno. Vile vitundu vya ukingoni hupimwa kwa idadi yake katika sentimita 2, na kipimo chake ni kipande cha kadi au plastiki. Stempu za George VI za Afrika Mashariki zilitoka na vipimo kadhaa vya meno huku picha ikibaki ileile. Vita vilichangia. Kiwanda cha De La Rue jijini London, kilichozichapa, kiliharibiwa kwa mabomu ya Wajerumani usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, na kazi ikaendelea kwa mitambo mingine. Stempu mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuachana mno kwa bei kwa sababu ya jino moja zaidi. Asiye na kipimo asiuze George VI wake kwa mtu aliye nacho.

Kwa kuwa tuko Nyeri, siwezi kumruka Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyezikwa hapa mwaka 1941. Mji wa Mafeking wa Afrika Kusini, aliokuwa akiulinda, ulipozingirwa na Makaburu, mwaka 1900 zilichapwa humo stempu zenye picha yake, kwa njia ya picha ya buluu kama michoro ya zamani ya wasanifu majengo. Ya peni 3 ina aina mbili, moja yenye upana wa milimita 18.5 na nyingine 21. Kuna na ya tatu, ambayo picha imegeuka upande, kushoto kukawa kulia. Hiyo ni miongoni mwa adimu kabisa za himaya ya Uingereza. Skauti wa zamani wakikuonyesha moja, kwanza shuku: stempu za Mafeking zimeghushiwa mno.

Sarafu nitazipitia haraka. Msomaji ana senti 10 yenye tundu, ya mwaka 1936, iliyoandikwa jina la Edward VIII. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla hata ya kutawazwa, na sarafu moja ya dhahabu yenye sura yake iliuzwa mwaka 2020 kwa pauni milioni 1. Zetu za tundu hazina sura, zina jina tu, nazo zilikwisha kumwagwa sokoni kwa wingi. Tafuta chini yake herufi H au KN, alama za viwanda, lakini usitarajie makubwa. Na usizisugue kwa majivu wala ndimu! Sarafu iliyong'arishwa imepoteza nusu ya bei yake au zaidi.

Hali ya kitu ndiyo inayotuponza zaidi huku mlimani. Ukungu wa Nyeri huzipa stempu madoa ya rangi ya kutu na kuzigandisha gundi, na dari iliyo juu ya jiko la kuni huzimaliza kwa moshi. Jingine ni mkasi. Guka alikuwa amezikata stempu nyingi kutoka kwenye bahasha, akaondoa muhuri wa posta pamoja nazo. Ile stempu ya 1952 isiyo na bei ingekuwa jambo lingine ikiwa juu ya bahasha yake nzima, na muhuri wa Nyeri wa tarehe 6 Februari 1952 unaosomeka vizuri. Bahasha ya namna hiyo ningeomba ikaguliwe na mtaalamu kabla ya kutaja bei, kwa sababu muhuri nao huchongwa na matapeli.

Bei zilizochapwa kwenye katalogi ya wauza stempu Stanley Gibbons ni za dukani kwao, kwa stempu safi. Wewe unayeuza utapata sehemu tu, pengine robo. Tazama bei zilizolipwa kweli minadani, usitazame zinazoombwa mitandaoni.

Kopo la Gatitu halinunui ploti. Ile senti 5 ya jahazi, ambayo kamba yake imeshika tanga, inaweza kununua mbolea kidogo ikiwa mgongo wake bado una gundi. Walio na barua za zamani nyumbani nawaomba kitu kimoja: msizikate.