Tusimchanganye M.I.A. na nafsineni wake

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili alinijia ofisini majuzi akiwa na simu mkononi. "Prof, hebu sikiza hii kitu, uniambie kama inaweza kuandikiwa tasnifu."

Nikasikiza. Mwanamke anaimba kivivu, kama anayembembeleza mtoto. Kibwagizo kinapofika, zinalia risasi, kisha mashine ya pesa ya dukani.

"Lakini binti yangu," nikamwambia, "huyu si anasifu ujambazi?"

Akacheka. "Prof, si ni wewe hutwambia kila siku kwamba nafsineni si mshairi?"

Nilinyamaza. Kweli huwa nawakemea wanafunzi kwa kosa hilo hilo. Ukiwauliza nafsineni katika shairi ni nani, wengi hulitaja jina la mtunzi na kuendelea na swali linalofuata.

Wimbo wenyewe ni 'Paper Planes', yaani ndege za karatasi. Umo katika albamu 'Kala' ya mwaka wa 2007, yake M.I.A. Jina lake kamili ni Mathangi Arulpragasam, Mtamili aliyezaliwa London mwaka wa 1975, akapelekwa Sri Lanka angali mchanga, kisha akarejea Uingereza akiwa mkimbizi wa miaka kumi hivi, vita vya huko vikiwa vimechacha. Albamu yake ya kwanza, 'Arular', aliipa jina la kiharakati la babake, aliyepigania ukombozi wa Watamili. 'Kala' ni jina la mamake.

M.I.A. alitaka kuirekodi 'Kala' Marekani. Mwaka wa 2006 viza ikawa shida. Basi akaenda alikopokelewa: India, Trinidad, Jamaika, Liberia, Australia. Ndiyo maana katika 'Bird Flu' unasikia ngoma za kusini mwa India. Katika 'Hussel' anarapu Afrikan Boy, kijana wa London mwenye asili ya Nigeria. Na kuna hata watoto wa jamii ya Waaborijini kutoka Wilcannia, Australia. 'Jimmy' ni wimbo wa filamu ya Kihindi ya 1982, 'Disco Dancer'. Wa rika langu waliopenda sinema za Kihindi huenda wakautambua. Kiingereza chake nacho ni cha vichochoro vya London kilichotiwa chumvi ya Karibi. Sisi tunaosikia Sheng kila tukipanda matatu hatuna haki ya kushangaa.

Turudi kwa nafsineni. Anayesema katika 'Paper Planes' ni mhamiaji anayejigamba kwamba hutengeneza viza bandia na kwamba anachotaka ni pesa zako tu. Ni nani huyo? M.I.A. amewahi kueleza kwamba alichokilenga ni dhana kuwa wahamiaji ni kupe, hawachangii lolote. Basi nafsineni huyu ni mhamiaji jinsi anavyoonekana na anayemwogopa. Mimi mwenyewe niliwahi kuomba viza kwenda kongamano. Nilibeba barua ya mwajiri, hati ya shamba, hata cheti cha ndoa. Aliyekuwa upande wa pili wa kioo alinitazama kana kwamba nimekuja kumwibia. Alichokiona pale ni nafsineni wa M.I.A., wala si mwalimu wa Kiswahili.

Sasa kuna jambo la kisarufi ambalo linanivutia zaidi. Sisi tukisema "alianguka pu!", tanakali inasindikiza kitenzi. Katika kibwagizo hiki tanakali imekipindua kitenzi. Nafsineni anaanza kusema anachotaka kufanya, na pale kitenzi kinapopaswa kuja, panalia risasi. Hasemi ataua, hasemi ataiba. Msikilizaji ndiye anayelijaza pengo, na kwa kulijaza anajifichua anachowadhania wageni. Mimi nililijaza kwa neno ujambazi, tena haraka sana!

Kituo cha MTV kiliifuta milio hiyo, na katika kipindi cha David Letterman pia ikabadilishwa. Walidhani wanaondoa fujo, kumbe wanang'oa kitenzi. Hata hivyo, mwaka wa 2008 wimbo ulipanda hadi nambari nne Marekani, kulekule alikokosa viza, ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Sisemi albamu yote imenikosha. Katika '20 Dollar' Afrika inageuka soko la bunduki za bei rahisi, na hapo sisikii kejeli yoyote ya kunisaidia kutofautisha anachokicheka na anachokiamini. Nafsineni akikaribiana mno na mtunzi, kinga ya kihakiki inakuwa nyembamba. Nilimweleza hivyo mwanafunzi wangu, akaandika kwenye daftari bila kubisha, jambo ambalo si kawaida yake.

Amekwisha kuniletea pendekezo. Tatizo lake ni moja: katika tasnifu, risasi nne zinanukuliwaje? Azipe herufi, alama ya mshangao, au aache nafasi tupu? Bado sijamjibu.