Mtoto akiuliza: Mfupa unakuwaje jiwe?

Msikilizaji, anza na anachokijua. Mwulize mtoto kwa nini bata ana ngozi katikati ya vidole na kuku hana. Atajibu mwenyewe: bata huogelea, kuku huchakura. Mwili wa mnyama hufuata makazi yake.

Kisha mpe udongo mbichi aubonyeze kwa jani, auanike juani. Jani litaondoka, alama itabaki. Ndivyo ilivyokuwa Laetoli, kaskazini mwa Tanzania. Mababu wa kale wa binadamu walikanyaga majivu ya volkano yaliyolowa, yakakauka, yakafunikwa. Nyayo hizo zina miaka kama milioni 3.6.

Mfupa nao hufukiwa na tope. Maji yenye madini huupenya, na polepole unakuwa jiwe. Huko Tendaguru, Lindi, mifupa ya dinosaria ilichimbwa kati ya 1909 na 1913. Wenyeji waliibeba hadi pwani, na mmoja wa wanyama hao, mwenye shingo ndefu, leo amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin.

Mkiona jiwe lenye umbo la mfupa, msilichimbe wala kuliuza. Lipigeni picha, mtoe taarifa ofisi ya kijiji. Umri wake husomwa katika tabaka za udongo ulipolala. Likihamishwa, habari hiyo inapotea.