Mgongo mmoja wa Osiri, yen milioni 15

Katika machimbo ya dhahabu ya Osiri Matanda, huko Nyatike katika Kaunti ya Migori, hesabu hufanywa kwa mifuko. Mwenye shamba, mwenye shimo na wachimbaji hugawana mawe, mawe yanakwenda kwenye karasha, unga unachanganywa na zebaki, kisha mnunuzi anapima gramu zake. Mshahara haumo katika mzunguko huo. Shimo likiporomoka na mtu akavunjika mgongo, ndipo pengo hilo linapoonekana: Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007 hukadiria ulemavu kamili wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Mapato yapi, na mwajiri ni nani?

Ndiyo maana habari za seli shina zikifika machimboni husikilizwa kwa hamu. Neva za uti wa mgongo zikikatika hazijiungi zenyewe, na ahadi ya kuzifufua ni bidhaa isiyokosa mteja.

Bidhaa yenyewe ina historia ngumu. Kampuni ya Geron ya Marekani ilianza kuwapandikiza wagonjwa seli zilizotokana na kiinitete Oktoba 2010. Novemba 2011 iliacha, ikaelekeza fedha zake kwenye saratani. Kilichoamua hapo ni mfuko.

Japani ilikwenda mbali zaidi. Desemba 2018 iliidhinisha kwa masharti Stemirac, tiba ya seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe iliyotokana na utafiti wa Sapporo, kwa bei ya karibu yen milioni 15, zaidi ya shilingi milioni 12 za Kenya. Bima ya taifa ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Wanasayansi wengi walinung'unika, na kwa haki: jaribio lilikuwa la watu 13, bila kundi la kulinganisha. Machi 2025 Chuo Kikuu cha Keio kilitangaza matokeo ya wagonjwa 4 waliopandikizwa seli zilizotokana na seli zilizorudishwa kwenye hali ya uchanga. Mmoja aliweza kusimama. Mmoja kati ya wanne ni habari njema kwa mtafiti. Kwa anayeuza shamba la ukoo kulipia safari, ni kamari.

Halafu kuna saa. Uboho wa Stemirac huchukuliwa ndani ya siku 31 baada ya ajali. Keio walipandikiza kati ya siku ya 14 na ya 28. Kliniki za ng'ambo zinazomwita mtu aliyepooza miaka mitano, kwa malipo ya mbele, zinauza kitu kingine kabisa.

Hapa nyumbani, kutoka Nyatike hadi Hospitali ya Kitaifa ya Majeraha ya Uti wa Mgongo, Nairobi, ni takribani kilomita 400. Akitoka huko, mgonjwa anahitaji katheta, mto wa kuzuia vidonda na kiti cha magurudumu. Viti hivyo, APDK, chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, huviunda humu humu nchini. Soko hili halina matangazo, ingawa ndilo linaloamua kama mtu ataishi miaka 20 au atauawa na kidonda cha makalio.

Wakia ya dhahabu ilivuka dola 3,000 Machi 2025, na bei ya namna hiyo huwavuta watu chini zaidi. Ajali ikitokea, majeruhi huvutwa juu kwa kamba, akapakiwa kwenye bodaboda, na mgongo uliokuwa umepasuka ukamalizikia njiani. Ubao mnyoofu wa kumlaza, wenye mikanda minne ya kumfunga, fundi yeyote wa mbao pale Macalder, humo humo Nyatike, anaweza kuupiga randa kwa siku moja.