Umri wa Kustaafu Mmoja, Miili Tofauti

Nchini Uingereza, umri wa kupata pensheni ya serikali ulifikia miaka 66 mwaka 2020. Hadi mwaka 2010 wanawake waliipata wakiwa na miaka 60. Ifikapo 2028, wake kwa waume watasubiri hadi 67. Hoja ya serikali ni kwamba watu sasa wanaishi muda mrefu zaidi. Huo ni wastani, na wastani huficha mengi.

Takwimu rasmi za 2018 hadi 2020 zilionyesha kuwa mwanamume wa maeneo maskini kabisa ya England alitarajiwa kuwa na afya njema hadi miaka 52 hivi. Wa maeneo yenye neema alitarajiwa kufika 70. Mmoja anastaafu angali na nguvu. Mwingine anaugua zaidi ya miaka kumi kabla ya kuiona pensheni.

Pengo hili linatoka wapi?

Mwaka 1967 watafiti walianza kufuatilia afya ya wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali jijini London. Wote walikuwa na ajira na mshahara. Hata hivyo, Profesa Michael Marmot na wenzake waligundua kuwa wa ngazi ya chini, kama matarishi na mabawabu, walikufa kwa kiwango cha takriban mara tatu ya wakuu wao. Watu wa kila ngazi waliishi muda mfupi kuliko wa ngazi iliyo juu yao. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Utafiti wa pili, ulioanza 1985 na kuwahusisha wanawake pia, ulionyesha kuwa wafanyakazi wasio na usemi juu ya kazi yao wenyewe waliugua zaidi moyo. Msongo usiokwisha huuweka mwili katika hali ya tahadhari: homoni kama kotisoli hubaki juu, na mishipa ya damu huumia taratibu. Kubeba mizigo husaga gegedu za magoti, na zamu za usiku huvuruga usingizi. Madhara haya hulimbikizana tangu ujanani.

Ndiyo maana kuongeza umri wa kustaafu hakuwaumizi wote sawa. Mwanasheria anaweza kuendelea kwa hiari, hata kwa saa chache. Fundi ujenzi mwenye mgongo mbovu huacha kazi mapema, kisha hula akiba yake akisubiri pensheni ambayo huenda asiifaidi muda mrefu.

Denmark imejaribu njia nyingine. Mpango wake ulipoanza 2022, aliyekuwa amefanya kazi miaka 42 au zaidi kufikia umri wa miaka 61 aliweza kustaafu mwaka mmoja hadi mitatu kabla ya wenzake. Aliyeanza kazi akiwa kijana mdogo anahesabiwa jasho lake. Huo ndio msingi wa haki: serikali inayoongeza umri wa kustaafu ipime kwanza miaka ambayo mwili umekwisha kutumika.